AJALI HAINA KINGA, LAKINI INA SABABU

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi.)



Siku ya Jumatatu, tarehe 23 Septemba, 2019, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliondoka katika kiwanja cha Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ikielekea Grumeti. Safari hiyo ni fupi mno kwa ndege. Lakini ndege hiyo haikufika. Ilianguka palepale Seronera ilipokuwa ikiruka, na watu wawili waliokuwamo wakafariki dunia. Mmoja wao alikuwa rubani. Wa pili alikuwa mwanafunzi wa urubani.

Habari hiyo ilitangazwa nchini kote. Watu walisikitika, wakatoa pole, na baada ya siku chache wakarudi kwenye shughuli zao. Katika mazungumzo ya barazani, kama ilivyo desturi, neno la mwisho lilikuwa lile lile linalosemwa kila basi linapopinduka na kila mtumbwi unapozama: ajali haina kinga.

Methali hiyo ni ya hekima, maana humfariji mfiwa na kumzuia jirani asimseme marehemu vibaya. Walakini methali njema ikitumiwa mahali pasipostahili hugeuka kuwa kisingizio. Yule ambaye ajali imekwisha kumpata hana kinga tena. Lakini hakuna ajali isiyokuwa na sababu, na sababu ikijulikana, ajali ya pili huwekewa kinga. Hilo ndilo somo kubwa ambalo kazi ya urubani imeupa ulimwengu kwa gharama ya maisha ya watu wengi. Nalo linawahusu walimu na watumishi wa Sibwesa, hata wale ambao hawatapanda ndege maishani mwao.

NDEGE NA MKOA WA KATAVI

Mtu anaweza kuuliza: Seronera na Sibwesa vina uhusiano gani? Wakazi wengi wa Sibwesa husafiri kwa basi, kwa pikipiki na kwa miguu. Mkulima wa mahindi au tumbaku hana haja ya kujua bawa la ndege limeundwaje.

Hata hivyo ndege ndogo si kitu kigeni katika Mkoa wa Katavi. Mpanda mjini pana kiwanja cha ndege. Huko Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ndege ndogo hutua na kuruka zikiwaleta wageni, na nyingine hupita angani kuelekea milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mtoto anayechunga ng'ombe huinua uso akaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Kesho yake humwuliza mwalimu wake: kile chuma hukaaje juu? Na siku atakaposikia kuwa kimeanguka, atauliza swali gumu zaidi: kwa nini?

Mwalimu hawezi kumjibu mtoto huyo kwa methali peke yake. Hapana budi amweleze.

KURUKA

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya ndege iko juu mawinguni. Kwa kweli sehemu kubwa ya hatari iko karibu na ardhi, wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Ndege iliyo juu sana ina akiba ya vitu viwili, yaani mwendo na kimo. Injini ikizimika mita 2,000 kutoka ardhini, ndege ndogo haidondoki kama jiwe. Huteleza angani kama mwewe, na rubani hupata dakika kadhaa za kutafuta uwanda wa kutua. Lakini ndege iliyoinuka mita 60 tu haina akiba hiyo. Mwendo wake ni mdogo, kimo chake ni kidogo, na muda wa kufikiri ni sekunde chache.

Bawa hulibeba dege zima kwa sababu hewa hulipitia kwa mwendo wa kutosha na kwa pembe inayofaa. Mwendo ukipungua mno huku pua ya ndege ikiwa imeinuliwa, hewa huacha kulishika bawa, nalo hupoteza nguvu ya kunyanyua mara moja. Cessna 172, ndege ya injini moja ambayo imefundishia marubani wengi kuliko nyingine yoyote duniani, huinuka ifikiapo mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa. Injini ikizimika punde tu baada ya hapo, rubani anatakiwa ashushe pua ya ndege papo hapo ili alinde mwendo, kisha atue mbele yake, hata kama mbele yake ni shamba la mihogo.

Hapo ndipo maumbile ya binadamu yanapopingana na elimu. Mwili humwambia rubani avute usukani ili aikimbie ardhi. Moyo humwambia ageuke nyuma, kwa kuwa kiwanja alichokiacha ni kizuri na shamba lililo mbele ni baya. Kufuata mwili ni kulinyima bawa mwendo wake. Kufuata moyo ni kupiga kona kali ukiwa chini, na kona hiyo huhitaji kimo ambacho ndege haina. Marubani wengi waliokuwa wazoefu wamekufa katika kona hiyo, wakirudi mahali walipopajua.

Liko pia jambo la hewa yenyewe, ambalo walimu wa sayansi wa Katavi wanaweza kulitumia darasani bila ya kifaa chochote. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi kuliko hewa ya pwani, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Mpanda iko katika mwinuko wa kama mita 1,100. Kwa kipimo ambacho watengenezaji wa ndege hukitumia, mahali pa mwinuko huo pangekuwa na joto la nyuzi 8 hivi. Mchana wa kiangazi joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kana kwamba kiwanja kimepandishwa juu ya mlima wa mita 2,000. Injini ya kawaida hupungukiwa nguvu, rafadha hushika hewa kidogo, mabawa hali kadhalika, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla haijainuka. Ndege ile ile, na mzigo ule ule, vilivyoruka salama saa moja asubuhi, huenda visiruke salama saa nane mchana.

Kwa sababu hiyo rubani aliyefundishwa vizuri hafanyi uamuzi wake akiwa mbioni. Huufanya akiwa bado amesimama. Huchagua alama kandokando ya njia ya kurukia, akajiwekea sharti: nikifika pale na mwendo haujatosha, nitakatiza. Ipo kanuni nyepesi inayofundishwa duniani kote kwa ndege ndogo, kwamba ifikapo nusu ya njia, ndege iwe imepata asilimia 70 ya mwendo wa kurukia. Ikiwa haijapata, rubani huondoa moto na kufunga breki. Hakuna kujadiliana na nafsi wakati huo. Mjadala ulikwisha malizika kabla ya safari kuanza.

Isitoshe, kabla ya hayo yote rubani huizunguka ndege kwa miguu. Hugusa mabawa, hutazama magurudumu, hukinga mafuta kidogo katika chupa angavu ili aone kama yameingia maji. Hufuata orodha ya ukaguzi iliyoandikwa, akaisoma kipengele kwa kipengele, hata kama ameifanya kazi hiyo kwa miaka 30. Si kwamba hana kumbukumbu. Ni kwamba anajua kuwa kumbukumbu ya binadamu humsaliti siku ile anayoiamini kupita kiasi.

Mambo haya si mapya katika Afrika Mashariki. Tarehe 14 Mei, 1931, huko Voi nchini Kenya, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka, ikazunguka kidogo, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Aliyekuwa akiirusha ni Mwingereza Denys Finch Hatton, ambaye habari zake zimeandikwa katika vitabu na kuonyeshwa katika sinema. Pamoja naye alikufa mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, ambaye vitabu hivyo humtaja kwa mstari mmoja. Ardhi haikuwapambanua.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Ndege ya mafunzo ina viti viwili vya mbele, na kila kiti kina usukani wake. Mwanafunzi hushika mmoja, mwalimu huukaribia wa pili. Umbo hilo la ndege limebeba falsafa nzima ya ufundishaji.

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Mwalimu wa urubani hawezi kuifuata methali hiyo kama ilivyo, wala hawezi kuikataa kabisa. Akimnyang'anya mwanafunzi usukani kila anapotetereka, atamtoa shuleni mtu asiyeweza kuirusha ndege peke yake. Akimwachia mno, watakufa wote wawili. Kazi yake ni kujua ni kosa gani la kuachiwa, ili mwanafunzi alione na alirekebishe mwenyewe, na ni kosa gani la kuzuiwa kabla halijatimia. Juu angani mpaka baina ya makosa hayo mawili ni mpana. Wakati wa kuruka mpaka huo ni wa sekunde mbili tatu. Ndiyo maana mwalimu na mwanafunzi hupatana kwa maneno kabla ya kuondoka: nani ameshika ndege, na mwalimu akisema ninashika, mwanafunzi huachia mara moja na kuthibitisha kwa kinywa kwamba ameachia. Hakuna kubahatisha.

Nairobi iliona msiba wa namna hiyo tarehe 5 Machi, 2024. Ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172, yenye mwalimu na mwanafunzi, ilikuwa katika mazoezi karibu na Kiwanja cha Wilson. Ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink, yenye watu 44, ilikuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka kiwanja hicho kwenda Diani. Ndege hizo mbili ziligongana angani. Ile kubwa ilirudi Wilson ikatua salama. Ile ndogo ilianguka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na wote wawili waliokuwamo wakafa.

Wilson ni kiwanja chenye shughuli nyingi sana. Humo wageni wa mbugani, mizigo, madaktari wa kuruka na wanafunzi hushirikiana anga moja. Msiba huo unaonyesha kwamba usalama wa mwanafunzi hautegemei bidii yake tu, wala ustadi wa mwalimu wake tu. Unategemea pia yule aliye mnarani, yule aliyepanga ratiba, yule aliyechora njia za angani, na yule aliyeamua mafunzo yafanyike wapi na saa ngapi. Watumishi wa umma wataufahamu ukweli huo upesi, maana ndio ukweli wa zahanati, wa shule na wa ofisi: anayeonekana akikosea huwa ni mmoja, lakini mazingira ya kosa lake yametayarishwa na wengi.

Mfano mwingine ulitokea hapa hapa nchini. Mwezi wa Februari, 2015, ndege ya mafunzo ya jeshi ilipata ajali katika kiwanja cha Mwanza wakati wa kuruka. Rubani alinusurika. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilisema kwamba ndege wa mwituni, yule mwenye manyoya, aliingia katika injini. Kiswahili kimewapa viumbe hao wawili jina moja, lakini angani hawapatani. Sasa, ni nani anayewaita ndege wa manyoya viwanjani? Mara nyingi ni jalala lililowekwa karibu na kiwanja, machinjio yasiyo na mahali pa kutupa taka, au majani yasiyofyekwa. Mambo hayo hayaamuliwi na marubani. Huamuliwa na halmashauri. Hali kadhalika ng'ombe anayekatiza njia ya kurukia hakupelekwa pale na rubani. Kwa hiyo afisa afya na afisa mifugo, pasipo kujua, wote wamo katika orodha ya wale wanaoirusha ndege.

MKUU ASIYESIKIA

Kila mtoto wa Kitanzania amefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni mafundisho mema. Lakini historia ya ndege imeongeza upande wa pili wa methali hiyo, ulioandikwa kwa damu.

Tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana katika njia ya kurukia ndani ya ukungu mzito. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege kugongana au kuanguka iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Ndege moja, ya shirika la KLM la Uholanzi, ilianza kuruka kabla haijapewa ruhusa ya kuruka, wakati nyingine, ya shirika la Pan Am la Marekani, ingali njiani. Nahodha wa ndege ya Uholanzi hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake. Alikuwa mwalimu wa walimu.

Ndani ya chumba cha marubani, ndege ikiwa tayari inakimbia, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Nahodha alimjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Baada ya sekunde chache ndege ziligongana.

Mhandisi yule aliona. Aliuliza. Lakini aliuliza kwa sauti ya mtu aliye chini ya mkuu anayeheshimiwa mno, na alipojibiwa hakurudia. Baada ya msiba huo mashirika ya ndege duniani yalibadili namna ya kuwafundisha marubani. Mdogo alianza kufundishwa kwamba kusema ni wajibu wake, si ufidhuli. Mkubwa alianza kufundishwa kwamba kuulizwa si kuvunjiwa heshima. Hata maneno ya redio yalirekebishwa, kiasi kwamba neno lenyewe la kuruka halitumiki ovyo baina ya rubani na mnara. Hutengwa kwa ajili ya ile ruhusa halisi ya kuruka, ili mtu asilisikie katika sentensi nyingine akadhani ameruhusiwa.

Ndugu walimu na watumishi, ni ofisi ngapi ambazo hazina Tenerife yake? Muuguzi mdogo anaona kipimo cha dawa si sahihi, lakini aliyekiandika ni mkubwa wake, naye hunyamaza. Karani anaona hesabu za mradi wa maji hazilingani, lakini waraka umekwisha tiwa sahihi na bwana mkubwa, naye huupeleka mbele. Mwanafunzi wa darasa la tano anaona ufa katika ukuta wa darasa, lakini amezoea kukemewa anapozungumza bila ya kuulizwa. Wote hao wameketi katika kiti cha mhandisi yule. Heshima ni nguzo ya jamii, na hakuna anayependekeza ivunjwe. Lakini heshima inayomfunga mdogo kinywa wakati anapoona hatari haimheshimu mkuu; inamwachia aende kugonga.

Mkuu asiyesikia la mdogo, naye huvunjika guu. Mara nyingine huvunjika na abiria wake wote.

SABABU, SI LAWAMA

Mataifa yalipokutana Chicago mwaka 1944 yaliweka mkataba wa usafiri wa anga ambao hata leo ndio msingi wa kazi hiyo duniani kote. Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo kinahusu uchunguzi wa ajali. Kinaeleza wazi kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumpata wa kulaumiwa. Mahakama zina kazi yake na polisi wana kazi yao; mchunguzi wa ajali ana kazi yake peke yake, nayo ni kuuliza kwa nini, kisha kuuliza tena kwa nini, mpaka afike kwenye mzizi.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huo ni wa kuwalea wazembe. Hawana budi kufikiri tena. Katika ofisi ambamo kila kosa humalizwa kwa barua ya onyo au uhamisho wa ghafla, watu hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha. Aliyehamishwa huenda zake, lakini sababu ya kosa hubaki imekaa juu ya kiti chake, ikimngojea mrithi wake. Mzembe wa makusudi aadhibiwe, na sheria ipo. Lakini mtu mwaminifu aliyekosea, naye akasema mapema kwamba amekosea, ni hazina kwa wenzake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna anayeweza kuziba ufa ambao mwenye nyumba ameufunika kwa kalenda.

Shule za Sibwesa zinaweza kuijaribu desturi hiyo bila ya kungoja waraka. Mwanafunzi akianguka na kuumia uwanjani, mwalimu mkuu aandike katika daftari moja: limetokea nini, kwa nini, na kimebadilishwa nini ili lisitokee tena. Jina la mwenye kosa halihitajiki katika daftari hilo. Baada ya mwaka mmoja daftari litasema mambo ambayo hakuna kikao kilichopata kuyasema.

WA KWANZA KUFIKA

Ndege ndogo ikianguka katika nchi pana kama Katavi, wa kwanza kufika hawatakuwa wazima moto wala wachunguzi. Watakuwa wakulima, wachungaji na walimu. Taifa lililiona jambo hilo tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba. Katika watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa na 24 waliokoka. Wavuvi ndio waliowahi kufika kwa mitumbwi yao.

Kwa hiyo wananchi wafundishwe mambo machache. La kwanza ni uhai: aliye hai aokolewe, na aondolewe mbali na mafuta yaliyomwagika. La pili ni moto: mtu yeyote asiwashe kiberiti wala sigara, na pikipiki zizimwe mbali. La tatu ni taarifa: kituo cha polisi na ofisi ya serikali vipewe habari mara moja, pamoja na mahali na saa. La nne, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni vipande vya ndege. Kipande cha chuma kilichookotwa na mtoto kwenda kuchezea huenda ndicho kilichobeba jibu. Kukihamisha ni kuirarua barua kabla haijasomwa. Na la tano ni staha: marehemu afunikwe, asipigwe picha za kusambazwa kabla mama yake hajaarifiwa.

WATOTO WA SIBWESA

Liko swali la mwisho. Baada ya kusikia habari zote hizi za misiba, mwalimu amwambie nini mtoto anayetamani kuwa rubani? Amkataze?

Hapana. Mwaka 1971 nchi za Afrika Mashariki zilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, chini ya Jumuiya ya wakati ule, ili watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda warushe ndege za nchi zao wenyewe. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa mwaka huo huo, lakini chuo kilibaki. Baadaye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam nacho kiliingia katika mafunzo ya fani za anga. Njia ipo, ingawa ni nyembamba na ni ya gharama, na mtoto wa Sibwesa anaweza kuipita ikiwa hisabati na fizikia zake zitapata mwalimu asiyezikimbia.

Mwanafunzi aliyekufa Seronera na yule aliyekufa Nairobi walikuwa watoto wa shule kabla ya kuwa wanafunzi wa urubani. Kabla hawajashika usukani walishika chaki. Mahali fulani yuko mwalimu wa shule ya msingi aliyewafundisha kujumlisha, na siku ile alisikia habari redioni kama watu wengine. Kuwaheshimu si kuwatajia methali na kupita. Kuwaheshimu ni kumfundisha anayekuja nyuma yao mambo matatu: akague kabla ya kwenda, akatize inapobidi, na aseme anapoona.

Mambo hayo matatu hayahitaji ndege. Dereva wa pikipiki anayabebea abiria, mkunga huyabebea mzazi, na mwalimu huyabebea darasa zima. Atakayeyazoea Sibwesa, akiwa chini, hatapata taabu kuyakumbuka siku atakapokuwa juu.

Ajali haina kinga, walisema wazee. Basi walio hai waitafutie.